Maua Makech: Mbolea Inayomea Kwenye Ua Wako



Ukisafiri kwa barabara ya Kisumu kwenda Busia, kuanzia Kisian ukipanda kuelekea Maseno na Luanda, utaona kichaka kirefu chenye maua makubwa ya manjano kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Watoto huyachuma maua yake kwa kucheza. Mbuzi hukipita wakitafuta kitu kitamu zaidi. Mwenye shamba hukikata kikizidi kuwa kirefu, kisha hukitupa barabarani au kukichoma.

Katika toleo hili tunataka kusema jambo moja: usikichome. Majani yake ni mbolea. Lakini pia tunataka kusema ukweli wote, maana vikundi vingine vimesikia habari hii nusu nusu, wakaweka majani kwenye ekari nzima ya mahindi, wakachoka, wakaacha. Mmea huu una kazi yake na una mipaka yake. Anayejua yote mawili ndiye anayefaidika.

NI MMEA GANI HUU?

Wajaluo huuita maua makech, na majirani zetu Waluhya huuita maua amalulu. Majina yote mawili yana maana moja: maua machungu. Ukitafuna kipande cha jani utajua kwa nini. Sehemu nyingine huitwa alizeti mwitu. Wataalamu huuita Tithonia diversifolia, na hapa tutatumia jina fupi, tithonia.

Mmea huu ni wa jamii ya alizeti. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kama ua la kupamba, ukapenda udongo na mvua yetu, ukaenea wenyewe. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF waliokuwa wakifanya kazi pamoja huko Maseno waliupima kwa makini pamoja na wakulima wa Siaya na Vihiga. (KARI sasa ni sehemu ya KALRO.) Mengi tunayoyaeleza hapa yalipatikana katika kazi hiyo.

JINSI YA KUUTAMBUA

Angalia mambo haya matano, wala usitosheke na moja tu:

1. Urefu. Ni kichaka cha mita 1 hadi 3, chenye matawi mengi kutoka chini.

2. Jani. Ni pana, na mara nyingi limegawanyika kama kiganja chenye vidole 3 hadi 5. Kingo zake zina meno madogo. Majani ya juu karibu na ua huweza kuwa bila mgawanyiko, kwa hiyo angalia yale ya katikati na ya chini. Upande wa chini wa jani una manyoya laini.

3. Ua. Ni la manjano au manjano ya machungwa, kubwa kama kiganja cha mkono, limesimama peke yake juu ya kikonyo kirefu. Kikonyo hicho huvimba kidogo chini ya ua, nacho kiko wazi ndani.

4. Shina. Likiwa changa ni kijani na laini. Likizeeka huwa gumu kama kuni, na katikati lina uboho mweupe.

5. Ladha na harufu. Jani ni chungu sana. Ukilifikicha linatoa harufu kali. Ua lenyewe lina harufu tamu kama asali, ndiyo maana nyuki hulipenda.

USIUCHANGANYE NA MINGINE

Alizeti ya mafuta husimama na shina moja nene na hufa baada ya msimu mmoja. Tithonia ina mashina mengi, na ukiikata huchipua tena.

Olusia nayo ni ya jamii hiyo hiyo na majani yake ni machungu. Lakini jani lake halijagawanyika kama vidole, na maua yake ni madogo, meupe au ya zambarau hafifu.

Nyabend winy haina ujamaa na tithonia. Ina vimiba kwenye shina, na maua madogo madogo yaliyokusanyika pamoja yenye rangi mchanganyiko. Ina sumu kwa ng'ombe. Usiilete kwenye kitanda cha mboga ukidhani ni mbolea.

Kuna gugu lingine la kuogopa zaidi, liitwalo parthenium. Nalo ni la jamii ya alizeti. Ni fupi, majani yake yamekatika katika kama ya karoti, na maua yake ni meupe, madogo kama vichwa vya pini. Huwasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Hilo ling'oe kabla halijachanua, ukiwa umefunika mikono.

KUNA NINI NDANI YA JANI?

Mimea inahitaji vyakula vikubwa vitatu kutoka kwenye udongo. Naitrojeni hukuza majani. Fosforasi hujenga mizizi na punje. Potasiamu hutia nguvu shina na matunda. Watafiti walipokausha majani mabichi ya tithonia na kuyapima, walikuta kwamba kila kilo 100 za majani makavu zina wastani wa kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 4.1 za potasiamu, na gramu 370 tu za fosforasi.

Hicho ni kiasi kikubwa kwa jani la porini. Tena linaoza haraka. Wakati wa mvua, karibu nusu ya naitrojeni yake hutoka ndani ya wiki moja hivi. Samadi ya ng'ombe iliyokaa juani na mvuani haifanyi hivyo.

Katika majaribio ya magharibi ya Kenya, mahindi yaliyowekewa majani haya yalitoa mavuno yanayolingana na ya mbolea ya dukani yenye kiasi kile kile cha chakula, na mara nyingine yaliizidi. Sababu moja ni kwamba jani linaleta potasiamu na vyakula vingine vidogo ambavyo mfuko wa DAP hauna. Tena linaongeza mboji kwenye udongo.

HESABU YA MIZIGO

Sasa tufike mahali ambapo vikundi vingi vimekwama. Kina mama wengi wameuliza, "Kama hii maua ni mbolea, si tuache kununua kabisa?"

Tupige hesabu. Kiasi kilichotumika sana kwenye majaribio ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Hiyo ni tani 2 kwa ekari. Lakini jani bichi sehemu kubwa ni maji. Ili upate kilo 1 kavu unahitaji kama kilo 5 mbichi. Kwa hiyo ekari moja inataka karibu kilo 10,000 za majani mabichi. Mama akibeba kilo 25 kichwani, hiyo ni mizigo 400. Nani ataibeba? Na ua gani utatoa majani hayo?

Angalia upande mwingine. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una kilo 13 za naitrojeni. Kuipata kutoka kwenye tithonia kunahitaji mizigo kama 75. Kilo 10 za fosforasi zilizo ndani ya mfuko mmoja wa DAP zingehitaji mizigo zaidi ya 500.

Lakini chukua kitanda kimoja cha mboga, upana mita 1 na urefu mita 10. Kinahitaji kilo 25 tu za majani mabichi. Huo ni mzigo mmoja wa kichwa! Vitanda vinne ni mizigo minne, kazi ya asubuhi moja kama ua uko karibu.

Hapo ndipo siri ilipo. Tithonia ni mbolea ya shamba dogo lenye faida kubwa: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, na mboga zetu za kienyeji kama osuga, dek na apoth. Mboga zinauzwa kila wiki, Kibuye au Luanda au hapo sokoni kwenu, na zinalipa jasho la kubeba. Mahindi ya ekari nzima hayalipi jasho hilo.

JAMBO LA FOSFORASI

Udongo mwekundu wa Maseno, Luanda na sehemu nyingi za Siaya una upungufu mkubwa wa fosforasi. Mahindi hubaki mafupi, na majani yake huwa na rangi ya zambarau kingoni. Tithonia haiwezi kuumba fosforasi. Inachukua iliyo kwenye ua na kuipeleka kwenye kitanda. Ni kama kutoa shilingi mfuko wa kushoto na kuitia mfuko wa kulia. Haijaongezeka.

Kwa hiyo mkulima mwenye pesa kidogo asiulize, "Ninunue mbolea au nitumie majani?" Afanye yote mawili kwa akili. Pesa yake kidogo inunue fosforasi, yaani DAP, TSP, au fosfeti ya mawe kutoka Minjingu, kule kaskazini mwa Tanzania. Majani yatoe naitrojeni na potasiamu. Viwili hivi vikikutana kwenye shimo moja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.

Kwa mahindi, chagua kipande kidogo kilichochoka sana, siyo shamba zima. Weka kizibo kimoja cha soda cha DAP kwa kila shimo, funika kwa udongo kidogo ili isiguse mbegu, kisha panda. Majani ya tithonia yachimbie kwenye mistari wiki moja kabla.

JINSI YA KUIOTESHA

Kama ua wako tayari una tithonia, huhitaji kupanda. Itunze tu. Kama huna, fuata hatua hizi:

Mbegu zipo, lakini nyingi hazioti, hasa zikifukiwa ndani sana. Ukitaka kuzitumia, zitawanye juu ya kitalu, funika kwa udongo mwembamba wenye mchanga, kisha nyasi kidogo. Njia nyingine ni kung'oa miche midogo inayoota yenyewe chini ya vichaka vya zamani na kuihamisha siku ya mvua.

Njia rahisi zaidi ni vipandikizi. Chagua shina lililokomaa, siyo ncha ya kijani. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 40. Panda siku hiyo hiyo, kabla havijakauka. Simamisha wima au uinamishe kidogo, nusu yake iwe ndani ya udongo. Usikilaze na kukifukia chote, maana hakichipui vizuri.

Panda mwanzoni mwa chwiri, mvua zinaposhika mwezi wa Machi au Aprili. Mvua za opon pia zinafaa. Weka kipande kimoja kila nusu mita kwenye mpaka, kando ya njia, au juu ya ukingo wa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kwenye miteremko ya Nyakach na Seme ua huu husaidia pia kushika udongo usiteremke hadi ziwani.

Acha nafasi ya hatua moja au zaidi kati ya ua na mazao yako, maana mizizi yake hunyang'anya chakula. Ndugu zetu wa Kano, mahali maji yanaposimama, wapande kwenye ardhi iliyoinuka, la sivyo vipandikizi vitaoza.

KUKATA

Kata kichaka kikifika urefu wa kifua na kabla hakijachanua. Jani changa lina chakula zaidi, na ukikata kabla ya ua, hakuna mbegu za kuenea kwa jirani. Acha kisiki cha nusu mita hivi ili kichipue. Mpe mmea muda wa kupumzika na kurudisha majani kabla ya kukata tena. Ukiukata kila mara utaudhoofisha.

Tumia majani na ncha laini za kijani tu. Shina gumu halifai kuchimbiwa kitandani. Linachelewa kuoza, na linapooza hula naitrojeni ambayo mboga ilihitaji. Yakaushe mashina hayo yawe kuni.

KUTUMIA KWENYE MBOGA

1. Lima kitanda vizuri.

2. Katakata mzigo mmoja wa majani kwa panga, vipande vifupi kama urefu wa kidole.

3. Tandaza sawasawa juu ya kitanda cha mita 10. Usiache majani juani siku nzima.

4. Changanya na udongo kwa jembe, kina cha sentimita 15 hivi.

5. Subiri wiki moja, mbili kama mvua ni haba. Majani yanapooza hutoa joto linaloweza kuunguza miche.

6. Hamishia miche. Baada ya wiki chache unaweza kuweka majani mengine kidogo kati ya mistari na kuyafunika kwa udongo.

Wenye mboga chache nyuma ya jikoni wanaweza kutengeneza mbolea ya maji. Jaza theluthi ya pipa kwa majani yaliyokatwakatwa, ongeza maji, funika, na ukoroge kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili chuja. Changanya kipimo kimoja na maji vipimo viwili, iwe na rangi kama chai hafifu. Mwagia kwenye shina, siyo juu ya majani. Harufu yake ni mbaya, kwa hiyo pipa likae mbali na nyumba, na lifunikwe sawasawa watoto wasiingie na mbu wasizaliane humo.

TAHADHARI

Tithonia inaenea. Usiipande kando ya mto, kwenye matete ya ziwa, wala karibu na msitu. Ikifika huko inasonga mimea ya asili. Mahali pake ni pale unapoweza kuifikia kwa panga.

Ua nao unahitaji kurudishiwa. Ukikata mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kitu, udongo wa mpaka utachoka. Rudisha jivu la jikoni na takataka za shamba chini ya vichaka.

MASWALI AMBAYO VIKUNDI HUULIZA

Je, tunywe maji yake kwa malaria au tumbo? Watu wengi hufanya hivyo. Lakini majaribio ya maabara kwa panya yameonyesha kwamba dawa iliyotolewa kwenye majani haya inaweza kudhuru figo na ini. Mwenye homa, hasa mtoto au mama mjamzito, apelekwe kituo cha afya akapimwe damu. Usicheleweshe matibabu kwa sababu ya majani.

Je, ng'ombe na mbuzi wale? Wanyama wengine huonja, wengine hukataa kwa uchungu wake. Usiifanye kuwa chakula chao kikuu. Tandika majani chini ya ng'ombe usiku. Yakichanganyika na mkojo na samadi, utapata mboji nzuri sana.

Je, inaondoa kayongo? Kayongo hustawi kwenye udongo uliochoka. Udongo ukipata nguvu, mahindi nayo hupata nguvu ya kustahimili. Lakini majani peke yake hayamalizi kayongo. Endelea kuing'oa kabla haijatoa mbegu, na ubadilishe mazao.

Ua ukiwa kwenye mpaka, majani ni ya nani? Hili limeleta ugomvi. Siku ambayo majani yalikuwa takataka hakuna aliyejali. Yakishakuwa mbolea, jirani anahesabu kila tawi. Kaeni chini mapema, wenye mashamba yote mawili, mkubaliane nani anakata upande gani na lini. Na baba mwenye nyumba aelewe: ikiwa mama ndiye anayekata, anayebeba na anayechimba, basi naye awe na sauti juu ya pesa ya mboga.

KAZI YA KIKUNDI MSIMU HUU

Tusiamini kwa maneno tu. Kila kikundi kifanye jaribio hili dogo:

Tengenezeni vitanda vitatu vya ukubwa sawa, vyote vya sukuma wiki. Cha kwanza msiweke kitu. Cha pili wekeni mzigo mmoja wa tithonia. Cha tatu wekeni mzigo mmoja wa tithonia pamoja na DAP, kizibo kimoja kwa kila shimo. Kila mkichuma, pimeni kwa mizani au hesabuni mafungu, na katibu aandike kwenye daftari. Andikeni pia saa za kukata na kubeba, maana jasho nalo ni gharama. Mwisho wa msimu toeni pesa iliyotumika, mgawanye inayobaki kwa saa zile, na mtajua wenyewe kama kazi ililipa. Kama udongo wenu unawapa mashaka, mwombeni afisa wa kilimo wa wadi awasaidie kuupeleka kupimwa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, tunasoma habari ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, apate kupalilia na kuutilia mbolea. Hakuahidi muujiza, aliahidi kazi. Mashamba yetu mengi yamechoka kama mtini ule, na wengi wetu hatuna pesa ya kununua mifuko yote inayohitajika. Lakini panga tunalo, jembe tunalo, na mzigo mmoja wa majani uko pale kwenye ua. Kata, beba, chimbia, kisha hesabu.